Uvimbe wa shingo si goita kila mara: mbele ya kupasua, ijulikane kwanza tiroidi iko wapi

Katika vijiji vingi vya Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Ituri, mtu akivimba shingo, jibu linakuwa tayari hata kabla hajaonwa na muganga: ni goita. Jina hilo limezoeleka juu goita ni ugonjwa wa nyumbani huku mashariki, bibi zetu waliujua na mama zetu wanaujua. Lakini chini ya jina hilo moja kunafichama mambo mengi. Kuna goita yenyewe, kuna kifuko cha maji ambacho mtoto amezaliwa nacho, kuna kifua kikuu cha tezi za shingo, kuna kansere. Na kuna jambo moja adimu ambalo waganga wanaliita tiroidi ektopiki: tezi ya tiroidi iliyokosa mafasi yake.

Huyo wa mwisho ndiye mwenye mtego. Mara nyingi ile tezi iliyokosa njia ndiyo tezi pekee mgonjwa anayo mwilini. Ikikatwa kwa kudhaniwa ni uvimbe tu, mtu huyo amebaki bila tiroidi, na hakuna nyingine itakayoota.

Swali hili limekuwa zito zaidi tangu mwaka 2025. Goma ilichukuliwa na M23 mwishoni mwa mwezi wa kwanza, Bukavu katikati ya mwezi wa pili. Benki zikafunga milango, uwanja wa ndege wa Goma ukafungwa pia, na barabara nyingi zikakatwa na mistari ya mapigano. Mgonjwa ambaye zamani angetumwa mji mkubwa kwa kipimo sasa anabaki palepale alipo. Na pale alipo, mara nyingi kisu kinapatikana mbele ya kipimo. Upasuaji mdogo wa shingo unaweza kufanyika katika hospitali ndogo. Kipimo cha homoni kinahitaji labo yenye mashine na vifaa vyake. Mtu aliyekusanya franga zake kwa mwaka mzima hapendi kuambiwa arudi nyumbani kusubiri. Naye muganga, akiona foleni nje ya mlango, hapendi kumrudisha.

Kwa nini huku kila shingo ni goita

Mazoea haya yana historia. Udongo wa milima yetu umeoshwa na mvua tangu zamani, na bahari iko mbali; iodi, ile chumvichumvi ambayo tiroidi inaitumia kutengeneza homoni, ni kidogo katika maji na katika chakula. Tezi ikikosa iodi, ubongo unaituma ifanye kazi zaidi, nayo inaongezeka ukubwa. Ndiyo goita.

Kisiwa cha Idjwi, katikati ya Ziwa Kivu, kilijulikana duniani kwa jambo hili. Kuanzia miaka ya 1960 watafiti waliofanya kazi na kituo cha Lwiro, kati yao muganga wa watoto kutoka Ubelgiji, François Delange, walipima wakaaji wa kisiwa hicho. Walikuta kwamba iodi ilikuwa haba kisiwa kizima, lakini goita zilikuwa nyingi sana kaskazini na chache kusini-magharibi. Tofauti hiyo waliifuata mpaka kwenye muhogo: muhogo usiolowekwa vizuri unaacha sumu ndogo, na mwili unaigeuza kuwa kitu kinachozuia iodi isiingie kwenye tezi. Kitabu chao juu ya muhogo na goita kilitoka mwaka 1980. Walikuta pia watoto waliozaliwa na upungufu mkubwa wa homoni, wafupi wa kimo na wenye ulemavu wa akili.

Tangu miaka ya 1990 chumvi yenye iodi ilienea katika masoko ya Congo, na goita kubwa kubwa zikapungua kwa watoto waliozaliwa baadaye. Hii ni kazi nzuri ambayo haisifiwi vya kutosha. Lakini kuna upande wake wa pili ambao vituo vya afya bado havijauzoea: kadiri goita ya kukosa iodi inavyopungua, ndivyo uvimbe mwingine unavyochukua sehemu kubwa zaidi ya zile shingo zinazobaki. Mtoto wa leo mwenye kivimbe katikati ya shingo si yule mtoto wa Idjwi wa mwaka 1965. Jina, hata hivyo, limebaki lilelile.

Safari ya tezi kabla ya kuzaliwa

Ili kuelewa jinsi tezi inavyoweza kukosa mafasi yake, inafaa kujua kwamba tiroidi haianzii shingoni. Mtoto akiwa tumboni, kwenye wiki ya 3 au ya 4 ya mimba, tezi inaanza kama nukta ndogo kwenye mzizi wa ulimi. Kutoka pale inashuka polepole, inapita karibu na mfupa mdogo ulio juu ya kikoromeo, mpaka wiki ya 7 inakuwa imefika kwenye kiti chake: mbele ya bomba la pumzi, chini ya kikoromeo. Njia iliyopita inafungika nyuma yake.

Safari hii inaweza kuharibika kwa namna mbili. Namna ya kwanza, tezi inafika salama lakini njia haifungiki yote. Panabaki kifuko ambacho siku moja kinajaa maji. Hiki ndicho kivimbe cha katikati ya shingo ambacho waganga wanakikuta sana kwa watoto. Namna ya pili, tezi yenyewe inakwama njiani. Mara 9 kati ya 10 inakwama palepale ilipoanzia, kwenye mzizi wa ulimi. Nyingine zinakwama juu ya kikoromeo, na chache sana zinapatikana kando ya shingo au hata kifuani.

Hesabu zinazotajwa katika vitabu vya utabibu ni mtu 1 kati ya 100,000 hadi 300,000. Kati ya watu wenye ugonjwa wa tiroidi, ni 1 kati ya 4,000 hadi 8,000. Wanawake wanapatwa kuliko wanaume. Na kwa wale ambao tezi yao imekwama kwenye ulimi, karibu 7 kati ya 10 hawana tiroidi nyingine popote.

Mtu anaweza kuuliza: kama ni adimu hivyo, kwa nini kusumbua hospitali zenye kazi nyingi? Jibu ni kwamba hesabu inabadilika ukimwangalia mgonjwa aliye mbele yako. Kati ya watoto 100 wanaopelekwa kupasuliwa kile kifuko cha maji cha katikati ya shingo, 1 au 2 hawana kifuko, wanayo tiroidi. Kwa macho na kwa vidole vitu hivi viwili vinafanana. Vyote viko katikati, vyote vinapanda mgonjwa akimeza mate, na vyote vinaweza kupanda akitoa ulimi nje. Hata muganga mwenye mikono ya miaka 20 hawezi kuapa.

Tena tezi iliyokwama mara nyingi ni dhaifu, haitoshi kazi ya mwili wote. Inaweza kukaa kimya miaka mingi, kiisha inavimba wakati mwili unapodai homoni nyingi: msichana akivunja ungo, au mama akibeba mimba. Mahali ambapo chakula kina iodi kidogo, msukumo huo unakuwa mkubwa zaidi. Msichana wa miaka 13 anayeanza kusema kana kwamba ana chakula moto mdomoni, au anayelalamika kwamba kitu kinamziba akimeza bugali, afunguliwe mdomo na aangaliwe nyuma kabisa ya ulimi kwa taa. Kivimbe chekundu pale si cha kuchokozwa ovyo kwa mkasi au sindano, juu kina damu nyingi.

Swali moja kwa mashine moja

Kipimo cha kwanza hakihitaji ndege wala Kinshasa. Ni ekografi, mashine ileile ambayo wamama wanaijua kwa mimba. Muganga anaipitisha kwenye shingo na kuuliza swali moja: je, tiroidi iko kwenye kiti chake, pande mbili, za ukubwa wa kawaida? Ikiwa iko, hofu kubwa imeondoka, na uvimbe unaweza kushughulikiwa kwa utulivu. Ikiwa kiti ni kitupu, hakuna kupasua siku hiyo. Kile kinachoonekana kama uvimbe huenda ndicho tezi yenyewe.

Kuna jambo dogo la ufundi ambalo wakuu wa hospitali wangelijali. Kichwa cha mashine kinachotumiwa kwa mimba kimetengenezwa kuona ndani sana ya tumbo. Hakioni vizuri vitu vilivyo karibu na ngozi. Kwa shingo kunahitajika kichwa kingine, kilichonyooka, cha mawimbi ya juu. Mashine nyingi zinaweza kupokea vichwa vyote viwili, lakini kile cha pili kinauzwa peke yake, na mara nyingi haikununuliwa ila ya mimba. Wafadhili wanaotoa mashine kwa wodi za uzazi wangeombwa nacho.

Kipimo cha pili ni cha damu, kinaitwa TSH. Ni barua ambayo ubongo unaiandikia tiroidi. Ikiwa TSH iko juu, maana yake tezi haitoshi na ubongo unapiga kelele. TSH ya juu pamoja na kiti kitupu ni jibu karibu kamili.

Kipimo cha tatu ni sintigrafi: mgonjwa anapewa dawa kidogo yenye mnururisho, na kamera inaonyesha kila mahali mwilini penye tiroidi. Hicho ndicho kinachothibitisha. Lakini hospitali kuu ya rufaa ya kawaida huku kwetu haina kamera hiyo. Watu wenye uwezo wanakwenda kuitafuta Kampala au Nairobi, na safari hiyo si ya mkulima wa Masisi wala wa Kalehe. Ukweli ni kwamba mgonjwa wengi wanaweza kuamuliwa vizuri kwa ekografi na TSH peke yake. Kukosa kamera isiwe sababu ya kuruka hivyo viwili vya mbele.

Uvimbe wa kando ni hadithi nyingine

Hapa panahitaji uangalifu, juu mtu akisoma habari za tezi iliyokosa mafasi yake anaweza kujituliza vibaya. Uvimbe wa kando ya shingo, chini ya sikio au juu ya mfupa wa bega, mara chache sana ni tiroidi iliyokwama. Huku mashariki, kitu cha kuwaziwa mapema ni kifua kikuu cha tezi za limfu: vivimbe kadhaa vinavyoshikana, visivyouma sana, wakati mwingine vinapasuka na kutoa usaha, pamoja na kukonda na jasho la usiku. Hiyo inapimwa kwa sindano, na dawa zake zinatolewa bure katika mpango wa kitaifa wa kupambana na kifua kikuu.

Lakini kama sindano imevuta chembe za tiroidi kutoka kwenye uvimbe wa kando, kwa mtu mzima, asiambiwe kwamba amezaliwa nazo. Zamani waganga walifikiri hivyo, wakaziita tiroidi iliyopotea kando. Baadaye ikajulikana kwamba wengi wao walikuwa na kansere ya tiroidi, wakati mwingine ndogo kama punje ya mtama, iliyokwisha kutuma watoto wake kwenye tezi za shingo. Kanuni ya sasa ni kuihesabu kuwa kansere mpaka ithibitishwe vingine. Ni kansere ambayo mara nyingi inatibika ikikamatwa mapema, kwa hiyo habari hiyo isimfanye mtu kukimbia hospitali.

Kuchanja uvimbe kwa wembe na kupaka dawa ya majani, kama wanavyofanya waganga wa kienyeji wengine, hakusaidii lolote kati ya haya. Kunaleta usaha, na makovu yanamfanya muganga wa upasuaji ahangaike baadaye.

Kupasua, kuacha, au kumeza kidonge

Ikiwa imejulikana kwamba uvimbe ni tiroidi iliyokwama, hatua za mbele si lazima ziwe kisu. Kama mgonjwa anapumua vizuri, anameza vizuri, na TSH yake iko sawa, anaweza kuachwa na tezi yake palepale ilipo na kurudi kupimwa kila baada ya muda. Watu wanaishi hivyo mpaka uzee.

Kama TSH iko juu, anapewa levotiroksini, homoni ileile ya tiroidi katika kidonge. Inafanya kazi mbili kwa pamoja: inaujaza upungufu wa mwili, na inautuliza ubongo uache kuisukuma tezi, hivyo uvimbe unaweza kupungua. Dawa hii imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya dawa za lazima. Kupasua kunabaki kwa yule anayezibwa pumzi, anayeshindwa kumeza, anayetoka damu, au mwenye alama za kansere.

Na kile kifuko cha maji cha kweli, chenye tiroidi iliyo salama kwenye kiti chake? Hicho kinapasuliwa, na kina namna yake. Tangu mwaka 1920 inajulikana, kwa kazi ya muganga wa Marekani Walter Sistrunk, kwamba lazima kuondoa pia sehemu ya katikati ya ule mfupa mdogo ulio juu ya kikoromeo, juu njia ya zamani inapita hapo. Ukitoa kifuko peke yake, kinarudi kwa wagonjwa wengi. Familia inayosikia kwamba mtoto amepasuliwa mara mbili na uvimbe umerudi ingeuliza kama jambo hilo lilifanyika.

Kwa yule aliyebaki bila tiroidi, kwa kujua au kwa bahati mbaya, kidonge ni cha kila siku mpaka mwisho wa maisha. Kinamezwa asubuhi na maji matupu, nusu saa au saa moja mbele ya chai. Mtu mzima anahitaji karibu mikrogramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito wake. Mtoto anahitaji zaidi kwa kilo. Baada ya wiki 6 hadi 8 TSH inapimwa tena ili kipimo kirekebishwe, na mama akipata mimba kipimo kinapanda mapema. Farmasi zinazouza dawa hii ni chache nje ya miji, na bei inabadilika na barabara.

Kwa familia zinazokimbia vita, kuna jambo moja la kutuliza kidogo. Homoni hii inakaa mwilini. Baada ya siku 7 hivi, nusu yake bado iko. Siku mbili tatu za kukosa vidonge njiani hazimuui mtu. Wiki nyingi ndizo zinazoharibu. Kwa hiyo vidonge viwekwe pamoja na vitambulisho katika kile kifurushi kidogo ambacho watu wanakimbia nacho, mbali na joto na unyevu, pamoja na karatasi inayoonyesha jina la dawa na kiasi.

Daftari la upasuaji

Hakuna sheria inayohitajika ili mambo haya yabadilike. Daftari la upasuaji la hospitali lina mistari ya jina, umri, uzito na damu. Kuongeza mstari mmoja kwa kila shingo, wa kuandika kama tiroidi imeonekana mahali pake kwa ekografi, ni kazi ya kalamu na rula. Muganga mkuu wa zone ya afya anaweza kuiamuru kwa barua moja. Timu za wageni zinazokuja kupasua watu wengi kwa siku chache, kwa bure au kwa bei ndogo, zingeulizwa kwanza kuhusu mstari huo, kwa sababu zikishaondoka hakuna anayebaki kufuatilia mtoto aliyekatwa.

Mzazi pia ana haki ya kuuliza: "Docta, tiroidi ya mtoto wangu mumeiona iko mafasi yake?" Si kumkosea muganga heshima. Ni swali ambalo muganga mzuri amekwisha kujiuliza.

Wanabaki wale waliokwisha kupasuliwa. Katika mitaa na vijiji kuna vijana wenye kovu la katikati ya shingo ambao miaka mitatu, minne baada ya hapo hawarefuki, wanasinzia darasani, wanasikia baridi wakati wengine wanatoka jasho, ngozi imekauka na choo kimekuwa kigumu. Nyumbani wanaitwa wavivu, au inasemwa wamerogwa. Kwa kijana wa namna hiyo kipimo cha TSH kinafaa kuombwa bila kungoja, hata kama operesheni ilifanyika zamani na makaratasi yalipotea katika vita, kwa maana kimo ambacho mifupa bado haijakifunga kinaweza kuendelea kidonge kikianza.